Mcheza Kwao Hutunzwa: Tuzo kwa Wakulima wa Ng'ambo ya Kisiwa cha Mombasa

Wazee wa Pwani walituachia methali mbili ambazo mtu akizisikia pamoja hudhani kuwa zinagombana. Moja husema, Mcheza kwao hutunzwa. Ya pili husema, Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Ya kwanza yataka kazi njema ipewe heshima mbele ya watu. Ya pili yaonya kwamba sifa huweza kumharibu yule yule aliyesifiwa. Mtu yeyote atakaye kuwatuza wakulima hana budi kuzichukua zote mbili, maana tuzo isiyopimwa vema huweza kuacha hasara mahali ilipokusudiwa kuleta faida.

Msomaji aliye mbali akisikia jina la Mombasa hufikiri bandari, meli, makuli na maduka. Hafikiri jembe. Lakini mtu akivuka kivuko kwenda Likoni, au daraja la Nyali kwenda Kisauni, au njia ya Makupa kwenda Changamwe, na akaiacha barabara kubwa, atakuta mashamba. Ataona mashamba Mtongwe na Shika Adabu, ataona Mwakirunge, na ataona Miritini na kando za Jomvu. Mengi ni ya ekari moja au mbili, na mengine ni kipande cha ardhi kati ya nyumba na nyumba. Hayo hayana sifa ya mashamba makubwa ya chai na kahawa ya bara, wala hayaandikwi sana magazetini. Hata hivyo yanalisha watu kila siku, na soko la Kongowea lina mboga asubuhi kwa sababu ya mikono iliyoamka alfajiri katika mashamba kama hayo.

Tena si mashamba ya ujinga, kama wengine wadhanivyo. Mkulima wa huko hapandi mnazi peke yake. Chini ya minazi huweka mihogo, na kati ya mihogo huweka kunde au pojo. Penye unyevu huweka mabamia na mchicha. Mchunga na mnavu, ambayo mgeni huyaona kuwa magugu, yeye huyachuma na kuyapeleka sokoni, kwa kuwa ajua walaji wake. Samadi ya mbuzi haitupi, na makumbi ya nazi huyalaza shinani mwa miche ili udongo usikauke upesi. Mahindi ya mbegu huyachagua mwenyewe, huyafunga kwa maganda yake, kisha huyatundika juu ya meko ili moshi uyakinge na fukusi. Mchanga wa Pwani ni mwepesi, na mvua ya masika yaweza kumwagika siku chache kisha ikakatika. Basi desturi hizi zote zimetokana na kujaribu, kukosea na kujaribu tena, kwa miaka mingi, bila ya mshahara wala cheo. Wataalamu wa leo huziita kilimo endelevu. Bibi aliyezirithi kwa mamaye huziita kilimo tu.

Swali, basi, ni hili: elimu ya namna hiyo itunzwe vipi, na nani, na kwa kipimo gani?

Njia ya kwanza iliyo karibu ni maonyesho ya kilimo. Chama cha Kilimo cha Kenya kina uwanja wake Mkomani, upande wa Kisauni, na maonyesho ya Mombasa hufanywa hapo. Chama hicho kina asili ya zamani: kilianzishwa mwaka 1901, wakati wa utawala wa Waingereza, na maonyesho ya kwanza yalifanywa Nairobi mwaka 1902. Siku zile yalikuwa mambo ya walowezi, na ng'ombe waliotazamwa walikuwa ng'ombe wao. Miaka ilipopita Waafrika nao wakaingia uwanjani na mazao yao, na baada ya uhuru chama kikawa cha watu wote. Katika maonyesho ya namna hiyo waamuzi huyatazama mazao na wanyama, wakatoa vikombe, vyeti na nishani. Watoto wa shule huja kwa makundi, na mabwana shamba hueleza habari za mbegu na dawa. Hayo ni mema. Mtu aliyekuwa akilima bila ya kuonekana na yeyote, siku moja jina lake husomwa mbele ya umati, na jirani aliyekuwa akimcheka huja kumwuliza amefanyaje.

Lakini maonyesho yana upungufu wake, nao wafaa usemwe bila ya ubaya. Meza ya maonyesho huonyesha tunda. Haionyeshi jinsi tunda lilivyopatikana. Mhogo mnene waweza kuwa umetoka katika udongo uliotunzwa miaka kumi, na waweza kuwa umetoka katika udongo uliokamuliwa msimu mmoja tu na kuachwa ufe. Macho ya mwamuzi hayawezi kutenganisha huu na huu. Tena mwenye shamba dogo la Jomvu hana gari la kuchukulia mazao wala hana siku tano za kukaa uwanjani, na nani atamwagilia mchicha wake nyumbani? Hivyo mara nyingi hutunzwa yule awezaye kufika, na yule astahiliye hubaki shambani.

Katika miaka hii zimetokea tuzo za namna nyingine, ambazo hazitazami ukubwa wa tunda bali hutazama busara ya kijiji. Mojawapo ni Tuzo ya Ikweta, itolewayo na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa tangu mwaka 2002 kwa vikundi vya wenyeji vinavyotunza ardhi na maji huku vikijipatia riziki. Katika mwaka ule wa kwanza ilifika Shinyanga, nchini Tanzania, kwa ajili ya kazi iliyojulikana kwa jina la HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga. Nchi ile ilikuwa imekatwa miti hata ikawa karibu na jangwa. Kazi ilipoanza mwaka 1986, waliona kwamba Wasukuma walikuwa na desturi yao ya zamani iitwayo ngitili: sehemu ya malisho hufungwa wakati wa mvua, hairuhusiwi kulishwa, ili majani na miti iote na kuwafaa ng'ombe wakati wa kiangazi. Hapakuhitajiwa elimu mpya kutoka ng'ambo. Ilihitajiwa desturi ile ipewe nafasi na heshima tena. Ngitili zilizosalia mwaka 1986 zilikuwa hekta 600 hivi. Kufika mwaka 2004 zilikuwa zimepita hekta 300,000.

Karibu zaidi na Likoni, katika nchi ya Kwale, wanavijiji wa Gazi na Makongeni walipata tuzo hiyo hiyo mwaka 2017 kwa kazi yao iitwayo Mikoko Pamoja. Wao hulinda hekta 117 za mikoko, na tangu mwaka 2013 wamekuwa wakiuza hewa ya ukaa iliyohifadhiwa na miti hiyo, na fedha zake zikatumiwa kwa maji ya kijiji na kwa shule. Mikoko si shamba la mahindi, ni kweli, lakini fundisho ni lile lile. Aliyetuzwa ni kijiji kizima kilichokaa pamoja na kukubaliana nini kikatwe na nini kisikatwe. Hapakutafutwa mtu mmoja wa kusimamishwa jukwaani peke yake.

Na Kisauni yenyewe ina hadithi yake. Bamburi palikuwa na machimbo ya mawe ya kutengenezea saruji, na machimbo hayo yaliacha jangwa la matumbawe lililo meupe, lisilo na udongo. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, Rene Haller, alijaribu kupanda humo miti ya aina 26. Ikashika aina 3 tu, na mmoja wao ni mvinje. Tatizo likawa kwamba majani ya mvinje yaliyoanguka hayakuoza. Kisha ikaonekana kwamba jongoo wenye miguu myekundu huyala na kuyageuza kuwa mboji. Wakakusanywa jongoo wengi wakatiwa humo, na udongo ukaanza kujengeka. Mwaka 1987 Haller aliandikwa katika orodha ya heshima ya Umoja wa Mataifa ya watu 500 waliotunza mazingira ya dunia, na leo mahali pale pana msitu.

Msomaji mwenye fikira ataona jambo moja katika hadithi hiyo. Ile kazi ilihitaji akili, saburi na jongoo, lakini ilihitaji pia ardhi ambayo hapana mtu angeweza kumwondoa mpandaji kabla ya mti kukua. Haller alikuwa na kampuni nyuma yake. Mkulima mdogo wa ng'ambo, je, ana nini nyuma yake?

Hapa ndipo penye mzizi wa jambo. Katika Pwani ya Kenya watu wengi hulima ardhi ambayo si yao kwa karatasi. Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908 ilitaka kila mwenye madai aje ayaeleze na kuyathibitisha. Ardhi ambayo haikudaiwa ikawa mali ya Serikali. Wengi wa Wamijikenda waliolima kwa desturi ya ukoo hawakuwa na karatasi ya kuonyesha, na wajukuu wao wakajikuta maskwota mahali walipozaliwa. Huko Likoni, shamba kubwa lijulikanalo kwa jina la Waitiki lilikaliwa na maelfu ya watu kwa miaka mingi wasijue kesho yao, mpaka Serikali iliponunua ardhi hiyo na hati zikaanza kutolewa mwaka 2016. Wako wengine wengi ambao siku hiyo haijawafikia.

Mtu asiye na hakika ya ardhi huogopa kupanda mti. Mchicha utavunwa baada ya wiki chache, na mhogo ndani ya mwaka mmoja. Lakini mnazi wa kienyeji huchukua miaka sita au zaidi kabla ya kuzaa, na mwembe nao wataka miaka. Tena mwenye ardhi huchukia mti wa mpangaji, kwa kuwa mti ni ushahidi. Basi mkulima huyo huwa kama mgeni katika nyumba: atafagia, lakini hatajenga. Kumwambia atunze udongo kwa ajili ya kizazi kijacho, naye hajui kama yeye mwenyewe atakuwapo msimu ujao, ni kumtwika mzigo bila ya kumpa kata. Chanda chema huvikwa pete, ndivyo tusemavyo. Lakini chanda chenyewe lazima kiwepo.

Habari ya Yacouba Sawadogo wa Burkina Faso yalithibitisha hilo. Katika miaka ya 1980, ukame ulipowafukuza watu, yeye alibaki akazipanua zile shimo ndogo za kupandia ziitwazo zaï, ambazo wazee wa huko walizijua. Akatia samadi ndani yake ili mchwa waje wautoboe udongo na maji yaingie. Watu walimwita mwendawazimu, na msitu wake ukachomwa moto. Hakuacha. Mwaka 2018 alipewa tuzo ya Right Livelihood nchini Sweden, na mwaka 2020 Umoja wa Mataifa ukamtaja kuwa shujaa wa dunia. Lakini mji wa Ouahigouya ulikuwa ukipanuka, na viwanja vya nyumba vikaingia katika msitu ule ule uliomletea sifa. Alifariki mwaka 2023. Wakulima wa Kisauni, ambao kila mwaka huona mawe ya mipaka yakikaribia mihogo yao, hawahitaji kuelezwa maana ya habari hiyo.

Liko neno jingine, nalo ni neno la mbegu. Habari za mhogo uitwao Kaleso zafaa zijulikane kuliko zijulikanavyo. Mihogo ya Pwani ina adui ambaye huonekana siku ya kung'oa: shina limesimama vizuri, majani yako, lakini mzizi ukikatwa una madoa makavu ya rangi ya kahawia na haufai kuliwa. Ugonjwa huo wa michirizi ya kahawia ulielezwa kitaalamu mwaka 1936 na H. H. Storey, aliyekuwa katika kituo cha utafiti cha Amani, Usambara. Wataalamu wa Amani walichanganya mhogo na jamaa yake wa mwituni, ule mti wa mpira wa Ceara, kisha wakarudia kuuchanganya na mhogo mara kadhaa ili wapate mhogo ulao vizuri na ustahimilio maradhi. Kazi yao ilikwisha mwaka 1957. Mmoja wa mihogo yao ulikuwa na namba, 46106/27. Kituo kilifunga kazi hiyo, lakini wakulima hawakufunga. Walikata vipando wakapeana, mama akampa bintiye aliyeolewa, jirani akamwomba jirani. Pwani ya Kenya mhogo huo ukaitwa Kaleso. Kusini mwa Tanzania uko mhogo uitwao Namikonga, na wataalamu wa zama hizi walipouchunguza waliona ni ule ule mmoja. Miaka 50 baadaye, ugonjwa ulipoenea tena katika Afrika ya Mashariki, wataalamu waliutafuta mhogo wenye kustahimili ili wazalishe mbegu mpya, nao wakaupata katika mashamba ya wakulima wadogo.

Nani alipewa tuzo kwa kuulinda? Hapana aliyepewa, na pengine hapana awezaye kutajwa kwa jina, kwa kuwa ulilindwa na watu elfu, wengi wao wanawake, ambao hawakujua kuwa walikuwa wakitunza hazina. Tena sheria ya Kenya ya mbegu, hasa baada ya kubadilishwa mwaka 2012, iliwatia hofu wakulima waliouza au kubadilishana mbegu zisizosajiliwa, maana adhabu yake ilikuwa kifungo au faini kubwa. Mwaka 2022 wakulima 15 walipeleka shauri katika Mahakama Kuu, na mwezi wa Novemba mwaka 2025 mahakama ikaamua kwamba vifungu hivyo vilipingana na Katiba. Yaani jambo lile lile lililouokoa mhogo wa Pwani, kupeana vipando juu ya ua, lilikuwa limekaribia kuhesabiwa kosa.

Kutokana na haya yote yaweza kuonekana jinsi tuzo za wakulima wadogo wa ng'ambo zifaavyo kutengenezwa, ikiwa kaunti, chama au mfadhili yeyote ana nia ya kweli.

Kwanza, waamuzi wasingoje mazao yaletwe mezani. Waende shambani wenyewe, nao waende mara mbili, wakati wa masika na wakati wa kiangazi. Wakati wa mvua kila shamba ni zuri. Ni katika jua la Januari na Februari ndipo hujulikana nani ameuvika udongo wake na nani ameuacha uchi.

Pili, wapime kuenea kwa maarifa. Njia njema iliyokaa katika shamba moja ni siri. Iliyokwenda mashamba kumi ni faida ya mtaa. Mwamuzi awaulize majirani, si mshindani peke yake.

Tatu, wasidai hati ya ardhi kama sharti la kuingia. Mzee wa mtaa na majirani waweza kushuhudia kwamba mtu amelima mahali hapo. Tuzo inayowaacha nje wasio na hati itakuwa imewaacha nje wengi wa wale waliohifadhi maarifa yenyewe.

Nne, zawadi iwe chombo cha kazi. Kikombe cha fedha hukaa kabatini kikashika kutu; tangi la maji ya mvua, mbuzi wa maziwa, au vipando safi kutoka kituo cha utafiti cha Mtwapa, huendelea kuzaa baada ya ngoma kwisha.

Tano, elimu ya wenyeji ichukuliwe kwa ruhusa yao. Tangu mwaka 2016 Kenya ina sheria ya kulinda maarifa ya jadi, nayo yataka wenye maarifa waulizwe kwanza na wapewe sehemu ya faida. Kama dawa ya kuzuia fukusi imetoka kwa wazee wa Mwakirunge, basi Mwakirunge itajwe.

Wakulima nao wana wajibu wao. Mkulima asiyeandika alipanda lini, alipata nini, na alitia nini katika udongo, atashindwa na mwenye daftari hata kama kazi yake ni bora. Kikundi kisicho na hesabu safi kitakosa tuzo, na kikipata kitagombana siku ya kugawa. Wala vijana wasidhani kuwa ubunifu ni mashine peke yake. Wakae na wazee wawaulize kwa nini shimo hili ni la kina hiki, na kwa nini mbegu hii haipandwi pale, kabla wazee hawajaondoka na majibu yao.

Na hapo ndipo ile methali ya mgema inaporudi na haki yake. Vikundi vimeonekana mahali pengi vikiundwa kwa ajili ya mashindano, vikasafisha shamba siku ya wageni, vikapiga picha, kisha magugu yakarudi. Tembo hilo limetiwa maji. Mkulima wa kweli hulima kama vile tuzo haipo, na mtoa tuzo wa kweli humtafuta huyo. Tuzo haioteshi mbegu wala haileti mvua. Iwezalo kufanya ni kuwaonyesha watu wa mjini, ambao hula bila ya kuuliza, kwamba ng'ambo ya maji wako watu wenye elimu. Na kuikumbusha Serikali kwamba elimu hiyo yahitaji mahali pa kusimama. Likifanyika hilo la pili, hata asiyepata kikombe atakuwa ametunzwa, naye atapanda mnazi akijua kwamba mtoto wake ndiye atakayeuangua.